Anayegonga Ndani ya Kaseti

Jumatatu ile mchezo ulipoletwa kiwandani, Marlene alikuwa anatusimulia jinsi mumewe alivyotumbukiza mguu mzima kwenye ndoo ya rangi, huku akijigamba kwamba nyumba yake haihitaji fundi. Tulicheka mpaka kaseti zikatupita bila kufungwa. Mzee Probert, msimamizi wetu, akatoa kichwa ofisini kwake, nasi tukarudisha macho mezani. Nje kulikuwa na mvua ya Oktoba. Chai ilikuwa imepoa. Siku kama siku nyingine.

Nasema hivyo kwa sababu watu wakinisikia nasimulia yaliyompata wifi yangu Nerys, hudhani kulikuwa na dalili. Hapakuwa na dalili yoyote.

Kiwanda chetu kilikuwa mkiani mwa bonde la Cwm Rhedyn, kimeegemea mlima kiasi kwamba ukuta wake wa nyuma haukuwa na dirisha hata moja. Nyuma yake ni udongo na mwamba tu. Zamani walishona sidiria humo. Kisha akaja tajiri mmoja kutoka Cardiff na mashine za kunakili kaseti, na sisi wanawake tukaitwa tena. Miezi mingine tulinakili nyimbo za kwaya. Krismasi ikikaribia tulinakili michezo ya kompyuta, maana huo ulikuwa mwaka wa themanini na tano na kila mtoto alitaka kompyuta yake ndogo aichomeke kwenye televisheni ya sebuleni, baba yake akose kutazama raga.

Kazi yangu ilikuwa kufunga kaseti kwenye vikasha vyake. Kazi ya Nerys ilikuwa kuzipima. Alikuwa na chumba chake cha kioo huko nyuma, kimegusana na ule ukuta wa mlimani, na ndani yake televisheni, kinanda cha kompyuta chenye vibonye vya mpira na kinasa sauti. Kutoka kila boksi alichukua kaseti moja, akaiweka, akasubiri. Mchezo haukuja mara moja. Kwanza kaseti ililia, ule mlio mkali wa kukwaruza ambao kila aliyekua miaka ile anaujua, na mistari ya rangi ikakimbia pembeni mwa kioo. Mlio ukiisha, mchezo umeingia. Nerys alicheza kidogo, akaandika "safi", akachukua kaseti nyingine. Wengine walisema kazi ile ingewapa wazimu. Yeye alisema inampumzisha.

Mchezo ulioletwa Jumatatu ile uliitwa Shimo la Dhahabu. Kwenye karatasi ya kasha palichorwa mchimbaji mwenye kofia ngumu, kakumbatia dhahabu, anacheka.

"Hebu mtazameni huyu," alisema Marlene. "Ana meno yote. Huyu mgodini hajawahi kuingia hata kuomba kiberiti."

"Dhahabu!" nikasema. "Baba yangu kachimba maisha yake yote, kachimbua kikohozi."

Hata Nerys alitabasamu. Tabasamu lake siku hizo lilikuwa la mdomo tu.

Mgodi wetu wa makaa, uliochimbwa chini ya mlima uleule, ulikuwa umefungwa kiangazi kile, baada ya mgomo wa wachimbaji kushindwa. Wanaume walikuwa nyumbani wakipaka rangi vitu visivyohitaji rangi. Lakini kwa Nerys mgodi ulikuwa umefungwa zamani. Kaka yangu Idwal, mumewe, alifukiwa humo mwaka wa sabini na tisa, yeye na mwenzake Garfield Rees. Dari la njia waliyokuwa wakichimba liliporomoka nyuma yao. Hawakupondwa. Walikuwa hai upande wa pili, maana kikosi cha uokoaji kiliwasikia wakigonga. Kisha moto ukazuka kwenye makaa, gesi ikajaa, na wakubwa wa mgodi wakaamuru njia ile ijengewe ukuta ili moto ukose hewa. Tuliambiwa kwamba kugonga kulikuwa kumenyamaza kabla ya ukuta kujengwa. Tuliambiwa hivyo kwa upole sana, na sandwichi zikaletwa.

Hakuna aliyezikwa. Mkewe Garfield, Sheila, alivumilia mpaka mgomo ulipovunjika, akachukua watoto akahamia Coventry. Nerys alibaki. Alikula, alifua, alikwenda kanisani, alikuja kazini. Ukimgusa mkono ilikuwa kama kugusa mkono wa mtu aliyelala. Mimi pia sikuwa tofauti sana, ila mimi nilikuwa napiga domo.

Jumatano, baada ya chai ya asubuhi, Nerys alifungua mlango wa chumba cha kioo akaniita kwa kidole.

"Wifi, njoo usikilize."

Akaweka kaseti. Ikalia mlio wake wa kawaida. Nilimtazama.

"Chini yake," akasema. "Usisikilize mlio. Sikiliza chini yake."

Nikainamisha sikio. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia.

Mbili polepole. Kimya kidogo. Tatu za haraka.

Lazima nieleze. Nyumba za mtaa wetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kwao Nerys na kwetu tulitenganishwa na tofali tu, na kitanda cha kaka yangu kiligusa ukuta ambao upande wa pili uligusa kitanda cha Nerys. Kabla hawajaoana walikuwa wakigongeana. Idwal aligonga mbili polepole, kisha tatu za haraka. Maana yake: umelala? Nerys akigonga mara moja, maana yake: bado. Mimi nililala chumba hichohicho na kaka yangu. Nilisikia ukuta ule wa mapenzi ukigongwa miaka yote ya utoto wangu, nikawa namrushia kiatu.

Sikuhisi hofu. Nilihisi mikono yangu imekuwa mizito, kama nimebeba ndoo za maji kutoka mbali.

"Ni mashine," nikasema.

"Eeh," akasema. "Ni mashine."

Tukaenda kunywa chai.

Mzee Probert alisafisha mashine ile. Alibadilisha kichwa cha kunakilia. Alisikiliza kanda mama, ile iliyotoka kwa wenye mchezo, na ilikuwa safi kabisa, mlio mtupu. Alinakili kwaya kwa mashine ileile, na kwaya ikatoka salama. Aliponakili tena Shimo la Dhahabu, kugonga kukawemo. Yeye hakukusikia. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na miaka ya mgodini, na sisi hatukumwambia kuna nini, tulisema tu kuna mkwaruzo.

"Mchezo unaingia kwenye kompyuta?" akauliza.

"Unaingia."

"Basi pakieni. Mkwaruzo hauli mtu."

Sasa nisikilizeni hapa. Kaseti zote zilitoka kwa kanda mama moja. Zilipaswa kufanana kama sahani za seti moja. Nerys alianza kuzisikiliza kwa mpangilio zilivyotoka kwenye mashine, boksi baada ya boksi, na kugonga hakukufanana. Kulikuwa kunaendelea. Kaseti moja iliishia katikati ya kugonga, na ile iliyofuata ikaanzia hapo. Katika maboksi ya Jumatatu kulikuwa na nguvu. Katika maboksi ya Jumatano kulikuwa kumelegea. Kati ya "umelala?" moja na nyingine palikuwa na kimya kirefu zaidi.

Kama mtu anayepumzika. Kama mtu anayekaa chini kwanza.

Alhamisi nikamkuta Nerys hachezi tena. Mikono yake ilikuwa mapajani. Kwenye televisheni kale kamchimbaji kadogo ka mchezo, keupe, kenye kofia, kalikuwa kanatembea kenyewe.

"Umegusa nini?" nikamuuliza.

"Sijagusa."

Kwa kawaida ukiwasha mchezo kenyewe husimama pale juu, kanasubiri ubonyeze. Haka hakakusubiri. Kalishuka. Kalipita dhahabu bila kuiokota. Mawe yalikaangukia na hakakufa. Kalifika kona ya chini kabisa, mahali pasipo na dhahabu wala njia, kakasimama kameutazama mwamba, kakaanza kupiga sururu. Kapige, katulie. Kapige, katulie.

"Wako wawili," Nerys akasema.

Mchezo ule uliweza kuchezwa na watu wawili kwa zamu, mmoja mweupe na mwingine wa buluu, lakini huyo wa buluu hatokei mpaka umchague. Nerys hakumchagua. Alikuwa nyuma ya mweupe, amekaa.

Katika mchezo ule hakuna mtu anayekaa. Hakuna aliyemchora akiwa amekaa.

Marlene alichungulia kupitia kioo, akasema kwa sauti, "Jamani, wengine tunafunga mikono inakufa ganzi, wengine wanaangalia sinema!" Kisha akaona uso wa Nerys. Akaingia taratibu. Akatazama televisheni.

"Kanafanya nini kale?"

"Kanachimba," nikamjibu.

"Kanaelekea wapi?"

Nerys akanyoosha kidole. Kwanza aligusa kona ya televisheni. Kisha kidole kikaendelea, kikaiacha televisheni, kikaelekea ukuta wa nyuma. Ukuta wa mlimani.

Marlene akatoka. Hakusema utani mwingine wiki ile.

Ijumaa, wakati wenzetu wakila chipsi kantini, Nerys alinishika mkono akanirudisha chumbani mwake. Alikuwa na kaseti ya boksi lililofungwa siku iliyotangulia. Aliifungua mbele yangu. Kifungio kilikuwa hakijaguswa. Akaiweka.

Mlio. Na chini ya mlio, polepole sana, sauti imechoka: mbili. Kimya kirefu. Tatu, na ile ya tatu haikuwa na nguvu ya kusikika vizuri.

Nerys akakunja ngumi. Akagonga meza mara moja.

Bado.

Kaseti ikanyamaza. Mlio uliendelea, lakini kugonga kulikoma ghafla, kama mtu aliyesikia hatua nje ya mlango. Ile ilikuwa kaseti. Ilinakiliwa jana. Kilichokuwemo kilikuwa kimekwisha kuwekwa humo kabla Nerys hajanyanyua mkono.

Kisha kukaanza.

Si mbili. Si tatu. Kugonga kulikovurugika, kwa nguvu zote, mikono zaidi ya miwili, chuma juu ya mwamba, bila kupumzika, bila mpangilio. Kinasa sauti kilitikisika mezani. Watu wawili wanagonga pamoja. Watu wawili waliosikiwa.

Nikabonyeza kuzima. Vidole vyangu havikuwa na hisia yoyote. Nilivitazama vikibonyeza.

"Kamwite Mzee Probert," Nerys akasema.

Ni vyema mjue kwamba Cyril Probert hakuwa msimamizi wa kaseti maisha yake yote. Alikuwa mgodini tangu ujana, na mwaka wa sabini na tisa alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji. Bondeni kote watu walijua. Nerys naye alijua. Walifanya kazi chini ya paa moja miaka miwili, wakasalimiana kila asubuhi, na jambo lile halikutajwa.

Alikuja na kikombe chake mkononi. "Mkwaruzo tena?"

"Kaa, Mzee," Nerys akasema.

Akakaa.

"Ile siku. Mlisikia wakigonga. Walikuwa wanagonga vipi?"

Mzee Probert akaweka kikombe chini. "Nerys, mwanangu. Mambo ya zamani hayo."

"Sikugombezi. Nataka kujua walikuwa wanagonga vipi."

Nilidhani atainuka aondoke. Kisha akanyoosha kidole kimoja, kidole kikubwa chenye makovu ya buluu ya makaa ndani ya ngozi, akagonga meza. Mbili polepole. Akatulia. Tatu za haraka.

"Hatukuelewa maana yake," akasema. "Wachimbaji wana namna zao za kugonga. Hiyo haikuwemo."

"Na kulinyamaza?" Nerys akauliza.

Akatazama kikombe chake.

"Mlipoweka tofali la mwisho, kulikuwa kumenyamaza?"

Alitikisa kichwa. Kidogo tu. Hapana.

"Gesi ilikuwa inapanda," akanong'ona. "Ingelipuka ingeua zamu nzima. Wakubwa walisema jengeni. Tukajenga. Nikiwa napaka saruji nawasikia. Saruji imekauka bado nawasikia. Tukaambiwa tuseme kumenyamaza, ili ninyi mlale."

Nilimtazama Nerys. Nilidhani atapiga kelele. Nilimtaka apige kelele.

"Asante, Mzee," akasema. "Kunywa chai yako, inapoa."

Ndipo akamchezeshea kaseti, sauti ikiwa juu kabisa. Sijui masikio yale yaliyokufa yalisikia nini. Najua kwamba alishika ukingo wa meza, na midomo yake ikawa nyeupe.

"Wamezima pampu," alisema mwishowe. "Tangu mgodi ufungwe. Chini huko maji yanapanda."

"Ndiyo maana wamekuja juu," Nerys akajibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini basi limechelewa.

Mzee Probert alitaka mzigo wote uharibiwe. Nerys alikataa. Alisema kaseti zikiharibiwa, Mzee atakuwa amejenga ukuta wa pili. Mzee akainamisha kichwa, akatoka, na mashine zikaendelea.

Boksi la mwisho lilitoka Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imekatika. Kulikuwa na jua jembamba madirishani. Hakuna aliyetuita, lakini mmoja baada ya mwingine tukaacha kazi tukasimama nje ya chumba cha kioo. Marlene alishika mkono wangu. Mzee Probert alisimama nyuma yetu, kavua kofia.

Nerys akaweka kaseti.

Safari hii ililia mlio wake tu. Chini yake hapakuwa na kitu. Mistari ya rangi ikakimbia, ikakoma. Mchezo ukaingia.

Wale wawili walikuwa tayari kwenye kona ya chini. Mweupe na wa buluu. Wote wamesimama. Wote wanachimba.

Mwamba ukapungua.



Mweupe akafika ukingoni mwa kioo. Akageuka. Sikumwona vizuri, alikuwa vidoa vichache vya nuru tu, hakuwa na uso. Lakini aligeuka akatutazama. Kisha akatoka, upande wa ukuta. Wa buluu akamfuata.

Televisheni ikabaki na mawe na dhahabu.

Tukasubiri.

Halafu ukuta ukagongwa.

Ukuta wenyewe. Tofali na lipu. Vumbi likadondoka kwenye mabega ya Nerys. Mbili polepole. Kimya. Tatu za haraka.

Marlene akakojoa pale aliposimama. Sikumcheka. Hakuna aliyekimbia, na mpaka leo sijui kwa nini.

Nerys akainuka. Akaweka paji la uso kwenye ukuta, akawa hivyo kwa muda, kama mtu aliyechoka anayeegemea kifua cha mtu. Kisha akanyanyua mkono akagonga.

Mara moja.

Bado.

Kukawa kimya. Kimya cha namna ile sijakisikia tena. Hata mashine zilikuwa kama zimezimwa, na hazikuwa zimezimwa.

Nerys alirudi mezani, akarudisha kaseti mwanzo, akaitoa, akaandika "safi". Akatutazama kupitia kioo.

"Mnangoja nini?" akasema. "Lori linakuja saa kumi."

Mzigo ulikwenda. Na kabla ya Krismasi ulianza kurudi. Maduka ya Leeds, ya Bristol, ya Glasgow, yote yalilalamika jambo moja: mchezo unaingia vizuri, muziki unalia, mawe yapo, dhahabu ipo, lakini mchimbaji hayupo. Unabonyeza na hakuna kinachotembea. Wenye mchezo walikuja na kanda mama yao wakijua kosa ni letu. Tukaichomeka mbele yao. Mawe. Dhahabu. Hakuna mtu. Yule kijana aliyeutengeneza alibaki ameshika kidevu. Aliuliza ni nani aliyemfuta mchimbaji, maana yeye hajamfuta.

Tajiri wa Cardiff alihamisha mashine zake. Tukarudi majumbani.

Nerys hakuondoka bondeni. Majira ya kuchipua yaliyofuata alivunjika kifundo cha mkono, nikawa namfulia. Siku ya kwanza nilipovua foronya za kitandani mwake, moja ilikuwa nyeupe. Nyingine, ya upande wa ukutani, ilikuwa na doa jeusi la duara katikati, ukubwa wa kichwa. Nililipitisha kidole. Makaa. Mgodi ulikuwa umefungwa karibu mwaka mzima, na bondeni hapakuwa na mwanaume aliyerudi nyumbani na vumbi.

Niliifua. Doa likatoka. Wiki iliyofuata lilikuwepo tena.

"Wifi," nikamwambia, nikiwa nimesimama na foronya mkononi.

Alikuwa anamenya viazi kwa mkono mmoja. Hakugeuka. Aliongea chini sana, kama kuna mtu amelala chumba cha pili.

"Hakuja peke yake," akasema. "Garfield naye alitoka. Ila hajui watu wake wamekwenda wapi."

Nilikaa na maneno yale siku nyingi. Mwishowe nilimpigia simu Sheila, Coventry. Sikujua nimweleze vipi, kwa hiyo nilimweleza jinsi ilivyokuwa, tangu kaseti ya kwanza. Hakunikatiza. Nilisikia watoto wake wakigombana nyuma yake, na televisheni.

Nilipomaliza, alifunga mlango, watoto wasisikike tena.

"Eluned," akasema. "Usimpe anwani."

Akakata.

Nyumba ya akina Rees, walimokaa Garfield na Sheila, ni ya mwisho mtaani kwetu. Ilikaa tupu, kisha ikanunuliwa na mume na mke kutoka Bristol, watu wema, hupenda milima. Mlango wameupaka kijani. Kila mwaka wanaupaka tena, kwa sababu kila mwaka kunatokea alama nyeusi juu ya rangi, alama ndogo nne zilizopangana, kama vifundo vya vidole. Yule mama alinisimamisha mara moja nikipita na kikapu.

"Samahani, Bi Eluned, hivi mvua za huku huwa zina masizi?"

Nikamwambia ndiyo, wakati mwingine.

Mwanzoni alama zilikuwa juu, usawa wa kifua cha mwanaume. Miaka ilivyokwenda zikawa usawa wa kiuno. Mwaka jana zilikuwa magotini.

Asubuhi ya leo nimepita pale. Ziko chini kabisa, karibu na kizingiti, mahali anapofikia mkono wa mtu aliyekaa chini na kuupa mlango mgongo.